Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kitenzi cha Kiingereza "Revamp"

Maswali haya ndiyo ambayo wanafunzi wa Kiingereza, wafasiri na watu wa vyumba vya habari huyarudia kila mara. Anayehitaji jibu moja tu anaweza kuruka moja kwa moja hadi hapo.

## Maana

Revamp maana yake nini hasa?

Ni kukibadilisha kwa makusudi kitu ambacho tayari kipo, ili kiwe bora, kivutie zaidi au kiende na wakati, na kitu chenyewe kibaki. Hapo pa kubaki ndipo wengi hupasahau. Tovuti iliyopewa rangi mpya, mpangilio mpya na menyu mpya, huku anwani na huduma zake zikiwa zilezile, imekuwa *revamped*. Ikifutwa na kuwekwa nyingine, imekuwa *replaced*. Na kama kilichofanyika ni kuondoa hitilafu iliyozuia kurasa zisifunguke, imekuwa *fixed*.

Kuboresha kumo ndani ya neno, lakini kama nia, si kama matokeo. Ndiyo maana sentensi *The revamped site was slower than the old one* haina kosa: waliobadilisha walikusudia mema, ila tovuti ikazidi kuwa nzito.

Linahusu sura tu, au pia namna kitu kinavyofanya kazi?

Vyote viwili. Kinachoamua ni shamirisho. Ukisema *revamp a logo*, *revamp a kitchen* au *revamp a magazine*, msikilizaji anafikiria sura na mpangilio. Ukisema *revamp the tax system*, *revamp the curriculum* au *revamp the timetable*, hakuna rangi wala samani hapo. Anafikiria muundo, kanuni na utaratibu. Baadhi ya kamusi za wanafunzi huitanguliza maana ya sura, na msomaji akiishia mstari wa kwanza hushangaa kukuta habari kuhusu *a revamped pension scheme*.

Mabadiliko yawe makubwa kiasi gani?

Yaonekane. Kubadili rangi ya kitufe kimoja ni *tweak*. Kukifumua kitu chote na kukisuka upya ni *overhaul*. Revamp limekaa katikati, likielemea upande wa mabadiliko makubwa, na vielezi hulivuta huku na kule: *completely revamped*, *extensively revamped*, *partly revamped*.

Neno hili limetoka wapi?

Kwa mafundi viatu. *Vamp* ni sehemu ya juu ya mbele ya kiatu, ile inayofunika vidole na mgongo wa wayo. Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa cha kale, *avantpié*, yaani *avant*, mbele, na *pié*, mguu. Hapo mwanzo lilitaja sehemu ya soksi inayovaa wayo. Baadaye *to vamp* likawa kitenzi: kukiwekea kiatu kikuukuu sehemu mpya ya juu, huku soli ikibaki ileile. Kiambishi awali *re-*, chenye maana ya tena au upya, kiliongezwa, na *revamp* linaonekana katika maandishi tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Matumizi ya kitamathali, yasiyohusu viatu, nayo ni ya karne hiyohiyo.

Historia hii ina faida kwa mtumiaji wa leo. Zamani *vamp up* lilimaanisha pia kukitia kiraka kitu cha zamani ili kipite kama kipya, na harufu hiyo ya ujanja haijaisha kabisa. Mhakiki akiandika *It is just a revamp of old ideas*, hasifii. Anasema ni mambo yaleyale yaliyopakwa rangi. Neno *just* au *merely* likitangulia, soma kwa tahadhari.

Lina uhusiano na vampire?

Hakuna. *Vamp* la mwanamke mtongozaji, lililoenea mwanzoni mwa karne ya 20, ndilo ufupisho wa *vampire*. Yamekutana tahajia tu.

## Matamshi na umbo

Linatamkwaje?

Silabi mbili: *rii* ndefu, kisha *vamp*. Kitenzi hubeba mkazo kwenye silabi ya pili, rii-VAMP. Nomino mara nyingi huuvuta mkazo mwanzoni, RII-vamp, kama ilivyo kwa jozi nyingine za Kiingereza za aina hiyo. Irabu ya *vamp* ni ile ya *cat* na *map*, iliyo kati ya a na e za Kiswahili.

Makosa mawili hujitokeza kwa msemaji wa Kiswahili. La kwanza ni kuongeza irabu mwishoni, *rivampu*, kwa sababu ulimi wetu hupenda silabi zinazofunguka. Funga midomo kwenye p na uishie hapo. La pili ni kulitamka *revamped* kwa silabi tatu, *rivampedi*. Baada ya p, *-ed* husikika kama t tu: rii-VAMPT, silabi mbili vilevile.

Linanyambulikaje?

*Revamp, revamps, revamped, revamping*. Konsonanti ya mwisho hairudufiwi, kwa kuwa neno tayari linaishia na konsonanti mbili. *Revampping* ni kosa. Kistari cha *re-vamp* ni cha maandishi ya zamani. Leo huandikwa neno moja. *Revampment* halitumiki, nomino ni *revamp* lenyewe.

## Sarufi

Ni lazima liwe na shamirisho?

Ndiyo, ni kitenzi elekezi. *They revamped the menu* imekamilika. *They revamped* inamwacha msomaji akiuliza, wamebadilisha nini? Katika habari za biashara utakuta mara chache *The company is revamping*. Usiige. Kama kampuni inajibadilisha yenyewe, andika *The company is revamping itself*, au bora zaidi utaje kinachobadilishwa: *its stores*, *its product line*.

Kauli ya kutendwa inafaa?

Inafaa sana, na pengine ndiyo unayokutana nayo zaidi, kwa sababu mara nyingi kilichobadilishwa kina uzito kuliko aliyebadilisha. *The library was revamped in 2019. The exam is being revamped.* Kwa Kiswahili, "-fanyiwa" hubeba vizuri wazo hilo: maktaba ilifanyiwa maboresho makubwa, mtihani unafanyiwa maboresho.

Tofautisha na *They had the office revamped*. Hapo hawakushika nyundo wenyewe. Waliajiri watu wakawafanyia. Wengi huandika *They revamped the office* kwa hali zote mbili, na si kosa, ila muundo wa *had* hueleza wazi kwamba kazi ilifanywa na wengine.

Nomino inatumikaje?

Huandamana na vitenzi vichache vinavyojirudia: *give something a revamp*, *undergo a revamp*, *need a revamp*, *be due for a revamp*. *Make a revamp* ni tafsiri ya "kufanya maboresho" na haisikiki vizuri masikioni mwa mwenye lugha. Kivumishi cha kawaida ni *major*. *Complete* na *radical* pia hukaa vizuri. Kitu kilichobadilishwa hufuata *of*: *a revamp of the visa rules*.

Nomino hii huhesabika, kwa hiyo umoja wake hudai *a*. *The site needs revamp* ina pengo.

Kitenzi kifuatwe na kihusishi gani?

Hakuna kinachohitajika kabla ya shamirisho. *Revamp on the website* na *revamp about the plan* ni makosa. Baada ya shamirisho unaweza kueleza lengo kwa *for* au *to*: *revamped for mobile users, revamped to cut waiting times*. Kitu kilichogeuzwa matumizi huchukua *as* au *into*, lakini kwa *into* wazo hukaribia *convert*, na *convert* ndilo salama.

*Revamp up* halipo. Linatokana na kuchanganya na *ramp up*, kuongeza kasi au kiasi, na *rev up*, kuchangamsha au kuongeza mzunguko wa injini. Haya matatu hayabadilishani. Kiwanda kinachoongeza uzalishaji kina-*ramp up production*. Hakijabadilisha sura ya chochote.

Kwa nini vichwa vya habari huandika "to revamp" bila kitenzi kingine?

Ni wakati ujao uliofupishwa. *Ministry to revamp school exams* ni sawa na *will revamp*. Magazeti ya Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa "ku-": "Wizara kufumua mfumo wa mitihani." Kwa hiyo kichwa kinatafsirika karibu neno kwa neno, jambo ambalo hutokea mara chache. Ila ndani ya habari yenyewe urudishe wakati kamili: "Wizara itaufumua."

## Maneno jirani

Revamp na redesign yana tofauti gani?

*Redesign* limejikita kwenye usanifu: michoro, vipimo, mpango. Kitu kinaweza kuwa *redesigned* kwenye karatasi na kisitengenezwe kamwe. *Revamp* hutaja kazi iliyotekelezwa na inayoonekana. Kisha kuna rejista, yaani mazingira ambamo neno huzoeleka. *Redesign* hukaa popote, hata kwenye ripoti ya uhandisi. *Revamp* ni la mazungumzo, matangazo na magazeti. Mtu anayesema *we redesigned the valve* anazungumzia umbo la vali. Akisema *we revamped the valve*, mhandisi mwenzake atauliza: mmebadilisha nini, muundo au mmeisafisha tu?

Na renovate, refurbish, restore, remodel?

*Renovate* ni la majengo: kuta, paa, mabomba, nyaya. Hutasema *renovate a website*. *Refurbish* ni la majengo na vifaa. Ndilo neno rasmi kwa simu au kompyuta iliyotumika, ikakaguliwa, ikarekebishwa na kuuzwa tena. Ukiandika *a revamped phone* mahali pa *a refurbished phone*, mnunuzi atadhani ni toleo lenye umbo jipya. Kosa hilo lina gharama.

*Restore* linakwenda upande wa pili kabisa, yaani kukirudisha kitu kama kilivyokuwa. Gari la kale lililorejeshwa kwenye rangi na vipuri vyake vya asili ni *restored*. Lilelile likipewa viti vya kisasa na injini nyingine ni *revamped*. Mtu wa makumbusho atachukia ukimkosea hapo. *Remodel* ni kubadili umbo la chumba au nyumba, kwa mfano kuvunja ukuta ili jiko liungane na sebule, na hutumika zaidi Marekani.

Overhaul je?

Ni zito zaidi, na lina asili ya ubaharia: kulegeza na kukagua kamba na kapi za merikebu. Hata leo limebeba wazo la kufungua, kukagua na kubadilisha kilichochoka. Injini hufanyiwa *overhaul*, haifanyiwi *revamp*. Kwa mifumo ya kiserikali maneno yote mawili hutumika, ila *overhaul* linaahidi kina zaidi. Mwandishi makini haandiki *overhaul* kwa fomu iliyopunguziwa maswali mawili.

Revise, reform, restructure, reshuffle, rebrand?

*Revise* ni la maandishi na makadirio. *Reform* ni la sheria na taasisi, likiwa na dai kwamba kulikuwa na kasoro au dhuluma. *Restructure* ni la mashirika na madeni. Deni haliwi *revamped*. *Reshuffle* ni kuhamisha watu kwenye nafasi, kama kupangua baraza la mawaziri. *Rebrand* ni kubadili jina, nembo na taswira, hata kama bidhaa haijaguswa.

Naweza kulitumia kwa kitu kilichoharibika?

Hapana, na hili ndilo kosa letu kubwa. "Kukarabati" na "kutengeneza" kwa Kiswahili hubeba kurekebisha kilichovunjika pamoja na kukipa sura mpya, hivyo mtu huandika *Please revamp the broken lift*. Lifti iliyokwama inahitaji *repair*. Isipokwama lakini ina vioo vilivyofifia na taa za kizamani, hapo *revamp* linaingia. Jiulize: je, kitu kilikuwa kinafanya kazi kabla ya kuguswa? Kama jibu ni ndiyo, revamp linawezekana.

Na kwa mtu?

Mtu mwenyewe hapana. Nywele, mavazi na vipodozi vikibadilishwa, amepata *a makeover*. Vitu vyake vinaweza: *revamp your wardrobe, revamp her image, revamp your CV*. Hilo la mwisho limezoeleka sana katika ushauri wa ajira, na maana yake ni kuupanga upya wasifu wako, si kuongeza tarehe moja tu.

## Kutafsiri kwa Kiswahili

Neno moja la Kiswahili ni lipi?

Halipo moja, na anayelilazimisha huishia kuandika "kuboresha" kila mahali mpaka msomaji asijue kilichotokea. Fuata shamirisho. Jengo au chumba: *kukarabati*. Tovuti, programu au nembo: *kusanifu upya*. Mfumo, idara au utaratibu: *kuunda upya*, au kwa lugha ya magazetini *kufumua na kusuka upya*. Mtaala, sera au mwongozo: *kuhuisha* au *kudurusu*, kutegemea kama yaliyomo yameletwa kwenye wakati wa sasa au yamepitiwa mstari kwa mstari. Mpango au ratiba: *kupanga upya*. Taswira ya mtu au kampuni: *kutia sura mpya*. Kwa mabadiliko mepesi ya kung'arisha, *kupiga msasa* linapendeza, mradi maandishi si ya kisheria.

"Kuboresha" lishike pale ambapo chanzo chenyewe hakisemi kilichobadilika. Likifuatwa na maelezo, "kuboresha mwonekano" au "kuboresha muundo", linabeba mzigo vizuri zaidi kuliko likiwa peke yake.

"Kutengeneza upya" linafaa?

Mara chache. Msomaji huelewa kwamba kitu kimeundwa tena kutoka mwanzo, na revamp halisemi hivyo.

Ujumbe mfupi ndani ya programu, kama "We've revamped your home page", uandikwe vipi?

Acha kitenzi. "Tumesanifu upya ukurasa wako wa mwanzo" ni sahihi, lakini ni ndefu na inamweka kampuni mbele ya mtumiaji. "Ukurasa wako wa mwanzo una sura mpya" inampa mtumiaji kile anachotaka kujua. Kabla ya kuandika "sura mpya", hakikisha kwenye maelezo ya toleo kwamba ni mwonekano uliobadilika. Kama vitufe vimehamishwa au hatua za malipo zimepunguzwa, sema "mpangilio mpya". Mtumiaji aliyeambiwa sura imebadilika, kisha akakosa kitufe alichozoea, huona kama kuna kitu kimeharibika.

Kwa *revamped* kama kivumishi, kumbuka upatanisho wa ngeli: *the revamped app* ni "programu iliyosanifiwa upya", *the revamped system* ni "mfumo ulioundwa upya". Mfumo wa kompyuta unaojaza jina la bidhaa wenyewe katikati ya sentensi huvunja upatanisho huu. Andika sentensi isiyohitaji "ili-" wala "uli-".

## Mambo ya pembeni

Linafaa kwenye insha ya kitaaluma au mkataba?

Kwenye insha, kamusi kadhaa huliweka kundi la maneno yasiyo rasmi, kwa hiyo *redesign*, *restructure* au *revise* hayatakuletea alama nyekundu. Kwenye mahojiano ya mdomo halina shida.

Kwenye mkataba liepuke kabisa. *The contractor shall revamp the office* haisemi kama sakafu itang'olewa au itasuguliwa tu, na ugomvi huanzia hapo. Orodhesha vitenzi vinavyopimika: *remove, replace, repaint, install*, kila kimoja na kitu chake na kiasi chake.

"Revamp from scratch" ni sahihi?

Utalikuta, lakini linajipinga. *From scratch* ni kuanza bila chochote. Revamp linahitaji kitu cha zamani kinachobaki. Andika *rebuild from scratch*.

"Revamp again" ni kurudia maana, kwa kuwa "re-" tayari ni tena?

Si lazima. *Re-* imemezwa ndani ya neno, na hakuna leo anayesema *vamp* kwa maana ya hatua ya kwanza. Kama menyu ilibadilishwa mwaka jana na inabadilishwa mwaka huu, *revamped again* ni sawa. Kama hii ndiyo mara ya kwanza, *again* halina kazi.

"Newly revamped" huwekewa kistari?

Hapana. Kielezi kinachoishia *-ly* hakiungwi kwa kistari na kivumishi kinachokifuata: *the newly revamped terminal*. Lakini *a much-revamped plan*, kabla ya nomino, huchukua kistari kwa kuwa *much* haina *-ly*.

Nimelikuta kwenye nyaraka za kiwanda cha kusafisha mafuta. Ni lugha ya mtaani pia huko?

La, huko ni istilahi kamili. Katika usafishaji wa mafuta na viwanda vya kemikali, *revamp* ni mradi wa kukibadilisha kiwanda kilichopo, kwa mfano kuweka trei mpya ndani ya mnara wa kuchenjulia au kuongeza vibadilisha-joto, ili kiongeze uwezo, kipunguze nishati au kitimize viwango vipya vya mafuta. Kinyume chake ni *grassroots*, kiwanda kinachojengwa kwenye eneo tupu. Mfasiri akikuta *revamp study* humo asiandike "utafiti wa kuboresha mwonekano". Ni upembuzi wa kurekebisha mtambo uliopo, na neno "uliopo" lisiachwe, kwa sababu ndilo linaloutofautisha mradi huo na ule wa *grassroots*.